Amri Pasipo Sababu

Msomaji, tumezoea kuhakiki mashairi, hadithi na tamthilia. Twalisoma shairi tukauliza kama vina na mizani vimetimia; twaisoma hadithi tukapima tabia za watu wake. Lakini yapo maandishi mengine ambayo ni nadra kufanyiwa uhakiki, ingawa watu huyategemea kila siku. Hayo ni maandishi ya maelekezo. Karatasi iliyomo katika kasha la dawa, kijitabu cha cherehani, ubao wa onyo kando ya mtambo wa umeme, na maelezo ya kutengeneza kompyuta iliyoharibika, yote yana mwandishi na yana msomaji. Shairi baya huchosha masikio tu. Maelekezo mabaya huweza kumpotezea mtu mali, kazi au hata uhai. Kwa hiyo yastahili kuhakikiwa, tena kwa ukali zaidi kuliko shairi.

Nataka kuyapima mbele yako maandishi matatu ya namna hiyo. Niliyasoma yote katika usiku mmoja, nikiwa nimekabiliana na kipakatalishi kilichokataa kuanza kazi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kuandaa somo na kusahihisha insha; kutengeneza kompyuta sikufundishwa. Kipakatalishi changu nilikinunua kikiwa kimekwisha kutumiwa na mtu mwingine, na mfumo wa Windows uliokuwamo ulikuwa umekielemea kama gunia kubwa juu ya punda mzee. Nikaweka Linux kando yake, nami nikapata nafuu. Humo nilihifadhi alama za muhula mzima za wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu. Humo pia nilihifadhi sauti za wazee, ambazo wanafunzi hao walikuwa wamezinasa kwa simu vijijini kwao: habari za njaa, za mavuno, za ndoa na za safari. Bibi mmoja alifariki majuma mawili baada ya mjukuu wake kuinasa sauti yake. Simu ile ilikuwa imekwisha kufutwa ili ipate nafasi, na sauti ya bibi haikuwa mahali pengine popote. Kutoweka nakala ya pili lilikuwa kosa langu, wala sina wa kumlaumu.

Kabla ya kuyafikia maandishi yenyewe, yafaa nieleze kwa ufupi Linux ni nini. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mwaka uliofuata alikitoa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuugawa. Programu nyingi zinazokizunguka kiini hicho zilitokana na kazi ya GNU, iliyotangazwa na Richard Stallman huko Marekani mwaka 1983. Mwaka 2004 ukatokea mkusanyiko mmoja wa Linux uitwao Ubuntu, na jina hilo la Kizulu na Kixhosa ni ndugu wa neno letu utu. Basi sifa kuu ya Linux ni uwazi: hakuna mlango uliofungwa. Maadamu inajisifu kwa uwazi, tuna haki ya kuuliza kama na maandishi yanayoieleza nayo yako wazi.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe. Diski ya kompyuta hugawanywa sehemu, kama nyumba inavyogawanywa vyumba. Katika utaratibu wa zamani, ambao kipakatalishi changu kiliufuata, baiti 512 za mwanzo wa diski ndizo kizingiti cha nyumba. Baiti 446 zimewekewa maagizo ya kuanzisha kompyuta, 64 zimewekewa jedwali la vyumba, na 2 za mwisho ni muhuri. Jedwali hilo dogo laweza kutaja vyumba vinne tu. Mtu akitaka zaidi, hukifanya kimoja kuwa ua, na ndani ya ua huo hujenga vyumba vingine ambavyo hesabu yake huanzia 5. Linux yangu ilikaa katika sehemu ya 6. Sehemu ya 5 haikuwa na kitu, nami nikaifuta ili niipe nafasi hiyo kazi nyingine. Sikujua kwamba sehemu ya 5 ikiondolewa, ya 6 hushika namba ya 5.

Mlangoni pa nyumba hiyo hukaa bawabu aitwaye GRUB. Kazi yake ni kupokea umeme ukiwashwa, kuutafuta mfumo ulipo, na kuukabidhi kompyuta. Bawabu wangu alikuwa ameagizwa siku nyingi nyuma kwenda chumba cha 6. Nilipowasha kompyuta jioni ile alikwenda, asikione chumba. Hapo ndipo nilipokutana na andiko la kwanza.

Lilikuwa na mistari mitatu ya Kiingereza, herufi nyeupe juu ya weusi. Maana yake kwa Kiswahili ni hii: kosa, hakuna sehemu kama hiyo, naingia katika hali ya uokoaji. Mstari wa tatu ulikuwa maneno mawili, grub rescue, yenye alama ya mshale mbele yake. Kisha kimya.

Mtu wa kwanza kuliona andiko hilo huliita la kikatili. Nami nililiita hivyo. Lakini mhakiki wa haki hutazama kwanza mwandishi alibanwa na nini. Tukimhukumu mtunzi wa tarbia, twakumbuka kwamba amefungwa na mizani 16 katika kila mstari. Bawabu huyu naye amefungwa. Kiini chake, katika diski za zamani, huwekwa katika ukumbi mwembamba ulio kati ya kizingiti na chumba cha kwanza, na ukumbi huo mara nyingi haukuzidi kilobaiti 31. Maarifa yake mengine yote, pamoja na tafsiri za lugha nyingine, yamo katika chumba kile kile alichoshindwa kukipata. Hata kama angalikuwa amefundishwa Kiswahili, Kiswahili chake kingalikuwa chumbani, naye yuko nje. Kwa hiyo ufupi wake si ujeuri.

Tena andiko hilo lina sifa moja kubwa: ni la kweli. Halikusema kwamba diski imekufa, wala kwamba Linux imepotea. Lilisema sehemu haipo, na kwa hakika sehemu ya 6 haikuwapo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mashine inayoficha kosa lake nyuma ya picha nzuri na maneno ya pole humnyima mganga wake dalili. Bawabu wangu hakuficha. Lakini ana aibu moja isiyosameheka. Alijua ni sehemu ipi aliyoitafuta, wala hakuitaja. Laiti angalisema sehemu ya 6 haipo, herufi chache tu zingaliongezeka, nami ningalikumbuka mara moja nilichofuta mchana. Andiko la kwanza, basi, nalipa alama nzuri kwa ukweli, na nalipunguzia kwa kunyima neno moja lililokuwa na faida kuliko mengine yote.

Andiko la pili nililipata kwa simu. Lilikuwa orodha ya hatua, safi na fupi, na mwandishi wake hakuwa na shaka hata kidogo. Liliniamuru niweke mfumo upya kwa kutumia flashi, nichague kufuta diski nzima, nisubiri, kisha niwashe kompyuta. Halikuuliza nina nini ndani ya diski. Halikueleza kwa nini bawabu alikosa chumba. Mwishoni kabisa, baada ya hatua ya kusubiri, paliandikwa kwamba msomaji awe amekwisha kuhifadhi mafaili yake mahali pengine.

Msomaji, fikiri nafasi ya onyo hilo. Onyo lililowekwa baada ya amri si onyo, ni tanzia. Maji yakimwagika hayazoleki, na mwandishi anayetuambia tukinge chungu baada ya kutuamuru tukipindue hajatutendea wema. Mtu aliyechoka, usiku wa manane, husoma hatua moja na kuitenda, kisha husoma ya pili. Mwandishi wa maelekezo hana budi kumjua msomaji huyo, kama mwalimu anavyomjua mwanafunzi ambaye huanza kujibu kabla hajamaliza kusoma swali. Mimi nakiri kwamba kama flashi ingalikuwa karibu, huenda ningalitii. Ilikuwa shuleni, katika saraka yangu, na mlango wa shule ulikuwa umefungwa. Sauti ya bibi yule iliokolewa kwanza na ufunguo usiokuwa mfukoni mwangu.

Haki yataka niseme kwamba andiko hilo halikusema uongo. Dawa yake huponya, kama vile kuchoma nyumba kunavyomaliza kunguni. Kasoro yake ni kwamba lilitoa amri pasipo sababu. Amri isiyo na sababu haiwezi kupimwa na anayeamriwa: ama aitii yote, ama aikatae yote. Hawezi kusema hatua hii yanihusu na ile hainihusu, kwa kuwa hajui kila hatua yatenda nini. Kumbe kompyuta za watu hazifanani. Palipoandikwa diski ya kwanza, kwa mtu mwingine ni ya pili. Na amri ile ile iliyomponya mwandishi yaweza kuifuta diski ya msomaji.

Andiko la tatu lilikuwa refu, nalo halikuwa zuri kwa macho. Sentensi zake zilikuwa nzito, na lilitumia istilahi kana kwamba kila mtu alizaliwa nazo. Nililisoma mara tatu. Hata hivyo lilianza kwa kueleza bawabu hufanya nini, hutafuta wapi, na huandika wapi mahali anapotafuta. Lilisema kwamba katika hali ya uokoaji bawabu huelewa amri chache tu. Kisha likaeleza jambo lililonituliza moyo: amri za kuuliza na kuweka thamani, katika hali hiyo, hugusa kumbukumbu ya muda tu, haziandiki neno lolote katika diski. Nikikosea, nitazima na kuanza tena, wala hakuna kitakachoharibika.

Sentensi hiyo moja ilikuwa na thamani kuliko orodha nzima ya andiko la pili. Ilinipa ramani ya hatari. Nilijua sasa wapi naweza kujaribu kwa uhuru, na wapi nisitie mguu bila nakala mkononi. Nikaacha kutetemeka, nikaanza kufikiri.

Nikaandika set, na bawabu akajibu kwamba anakitafuta chake katika sehemu ya 6. Nikaandika ls, naye akaorodhesha alivyoviona: diski yenyewe, sehemu ya 1 na sehemu ya 5. Ya 6 haikuwamo. Hapo nilielewa kila kitu kwa mara moja, kama mtu anayesoma fumbo na kuliona jibu ndani ya fumbo lenyewe. Nikamwambia afungue sehemu ya 5 anionyeshe vilivyomo. Akanionyesha majalada ya Linux, yakiwa yamekaa kwa utulivu kama niliyoyaacha. Nikabadilisha maagizo yake, kwamba mzizi na njia vyote sasa viko katika sehemu ya 5. Nikaandika insmod normal, kisha normal. Orodha ya mifumo ikatokea, nikachagua Linux, nayo ikaanza kazi.

Kazi haikuishia hapo, na andiko la tatu lilikuwa limenionya. Kwa kuwa maagizo yale mapya yalikuwa katika kumbukumbu ya muda tu, kuzima kungaliyafuta. Nilinakili kwanza sauti za wazee na alama za wanafunzi katika simu yangu. Ndipo nikamweka bawabu upya katika diski kwa amri ya grub-install, nikamfanya aandike orodha yake upya kwa update-grub. Nilipozima na kuwasha tena, alikwenda moja kwa moja. Kulikuwa kunapambazuka. Niliifungua sauti ya bibi, nikamsikiliza akieleza jinsi walivyohifadhi mtama wakati wa njaa, hata ulipofika wakati wa kwenda shuleni.

Labda utanipinga, msomaji, useme: mtu ambaye nyumba yake inaungua hahitaji hotuba juu ya asili ya moto, ampaye ndoo ndiye rafiki. Pingamizi hilo lina nguvu, nami silidharau. Andiko la tatu lingaliweza kumshinda mtu asiye na subira, na katika jambo hilo nalikosoa. Lakini sababu si lazima iwe hotuba. Ngoja nikuonyeshe kwa mfano, kama ninavyofanya katika daftari za wanafunzi. Mwandishi mmoja asema: andika set. Mwingine asema: andika set ili bawabu akuonyeshe anatafuta wapi, amri hii haibadilishi kitu. La pili limezidi la kwanza kwa maneno machache, nalo limetaja kusudi, limetaja litakaloonekana, na limetaja kiasi cha hatari. Huo ndio ufundi wa uandishi wa maelekezo. Haudai urefu, wadai mwandishi amheshimu anayemwandikia.

Usidhani pia kwamba haya ni mambo ya kompyuta kuukuu tu. Ni kweli kwamba vipakatalishi vya sasa aghalabu hufuata utaratibu mwingine uitwao UEFI, pamoja na jedwali la GPT ambalo kwa kawaida lina nafasi ya sehemu 128. Katika jedwali hilo sehemu moja ikifutwa, jirani yake hubaki na namba yake. Ugonjwa wangu, basi, utazidi kuwa haba. Lakini amri pasipo sababu hazijawa haba. Waelekezaji wengi humwambia anayetaka kuweka Linux azime ulinzi wa kuanzia ujulikanao kama Secure Boot, nao hawamwambii kwamba diski ya Windows ikiwa imefungwa kwa BitLocker, badiliko hilo laweza kuifanya kompyuta idai ufunguo wa tarakimu 48 kabla haijafunguka. Mwenye kuambiwa mapema huutafuta ufunguo wake kwanza. Asiyeambiwa hugutuka mbele ya diski iliyojaa mali yake, naye hawezi kuingia.

Liko jambo lingine linalotuhusu sisi wa lugha hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilionyesha kwamba lugha yetu haikosi maneno ya mambo hayo. Lakini tafsiri peke yake haitoshi. Orodha ile ya pili, hata ingetafsiriwa kwa Kiswahili fasaha, ingebaki kuwa amri pasipo sababu, nayo ingeniponza kwa lugha ya mama yangu. Tunachohitaji ni watu wanaoelewa jambo, kisha wakaliandika upya kwa Kiswahili kwa ajili ya msomaji wanayemfahamu. Huenda mmoja wao ni wewe.

Kwa hiyo naomba uchukue desturi ya kuhakiki maelekezo kabla ya kuyatii. Uliza: je, andiko hili lasema ni kwa ajili ya hali ipi? Je, kila hatua imetajiwa kusudi lake? Je, onyo limetangulia hatari au limeifuata? Je, nikikosea naweza kurudi nilipokuwa? Na je, mimi mwenyewe nimeweka nakala ya kile nisichoweza kukipata tena? Maswali hayo matano hayamtaki fundi. Yamtaka msomaji, na kusoma ndiko unakofundishwa kila siku darasani.

Wapo wanaouliza uhakiki wa fasihi una faida gani kwa kijana atakayekuwa fundi, muuguzi au karani. Mimi nilipata jibu langu usiku ule. Sikuiponya kompyuta kwa kujua kompyuta, kwa sababu sikuijua. Nilisoma mistari mitatu nikauliza kila neno limewekwa hapo kwa nini. Nikayalinganisha maandishi mawili, nikalikataa lililokuwa jepesi na kulifuata lililokuwa na hoja. Hilo ndilo tulifanyalo katika kila somo la fasihi. Sauti za wazee wale sasa zimo katika nakala tatu, na moja iko maktabani mwa shule, ambako wanafunzi huja kuzisikiliza.